Taji la Siku Moja Linadumu Siku Ngapi?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi iliyopita hapa Mtwara, katika ukumbi mmoja wa Shangani, mbele ya wakulima, walimu na wafanyabiashara. Wengi mliniomba niyaandike kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani wakisafisha chini ya mikorosho. Nimeyaweka kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nilipokuwa naingia humu ndani, mzee mmoja alinisimamisha mlangoni. Tulipomaliza kusalimiana akaniambia: "Daktari, nasikia siku hizi jino linatengenezwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri unalo mdomoni. Sasa hilo jino la siku moja linadumu siku ngapi?"

Waliokuwa karibu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mwaka huu wote sijaulizwa swali zuri kama hilo. Sisi tumelelewa kukitilia shaka kitu cha haraka. Haraka haraka haina baraka, si ndivyo tulivyoambiwa? Na mzee wangu ana haki ya kuuliza, maana msimu unakaribia, minada itafunguliwa, na kuna mtu humu ndani ambaye amekwisha kuipangia kazi pesa ya korosho: nikilipwa tu, naenda kufunika lile jino. Nimekuja kuzungumza naye huyo kabla hajalipa.

Kwanza tuelewane. Jino likioza sana, au likizibwa mara tatu mara nne, au likisafishwa mzizi, kuta zake hubaki nyembamba. Siku moja unatafuna kitu cha kawaida kabisa, unasikia "ka!", na ukuta mmoja umeondoka. Ili kulinusuru tunalipunguza pande zote, kisha tunalifunika kwa kitu kigumu chenye umbo la jino. Wengine mnaita kofia, wengine mnaita krauni. Mimi nitasema taji. Kwa njia ya zamani kazi hii ina safari mbili: leo nachonga jino, nachukua alama yake, nakuwekea taji la muda la plastiki, na alama inasafiri kwenda maabara. Baada ya wiki mbili au zaidi unarudi kubandikwa taji lenyewe. Kwa njia ya siku moja naingiza kamera ndogo mdomoni, kompyuta inachora jino, mashine inachonga taji kutoka kwenye kipande cha kauri kwa dakika 10 au 15, na hutoki kitini mpaka limekaa.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi watu wa Kusini? Mnaikumbuka Mei ya mwaka 2024? Mnakikumbuka kimbunga Hidaya? Barabara ya Dar es Salaam ilikatika kule Somanga, magari yakalala huku na huku. Wakati huo nilikuwa na mgonjwa wangu, mwalimu mstaafu wa Mikindani, mama mtaratibu sana. Nilikuwa nimemchonga gego, alama imekwenda maabara Dar es Salaam, naye anasubiri na taji la muda. Taji la muda likamtoka akiwa anakula. Angelirudisha nani, wakati mvua inanyesha na yeye anaona haya kunisumbua? Akakaa hivyo hivyo. Jino lililochongwa halipendi kukaa uchi. Fizi ikapanda, jino la jirani likaegemea, mate na vijidudu vikapata njia. Taji lilipofika hatimaye lilikuwa zuri, lilikuwa kazi ya fundi anayejua kazi yake, lakini halikuingia, kwa sababu mdomo ulikuwa umekwisha kubadilika. Nikamchoma ganzi upya, nikachonga upya, na kile kidogo kilichobaki cha jino lake kikapungua tena.

Kutoka hapa mpaka maabara Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, ndugu zangu. Kwa mtu anayeishi jirani na maabara, taji la siku moja linamwokolea muda. Kwa mtu wa Nanyumbu au Nachingwea linamwondolea safari mbili za basi, sindano moja ya ganzi, na zile wiki mbili za hatari ambazo jino linakuwa halina kinga. Kwa hiyo sitasimama hapa kuwaambia kwamba njia hii ni anasa. Naitaka ienee Kusini nzima.

Lakini je, uharaka wake unatosha kuwa sababu ya kuliamini? Hautoshi. Tuulize umri wake.

Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich huko Uswisi, daktari wa meno aitwaye Werner Mörmann na mhandisi wa umeme aitwaye Marco Brandestini walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa mashine waliyoibuni wenyewe. Aliyezaliwa mwaka huo leo ana watoto wa sekondari. Mashine ile ya kwanza haikuwa na uwezo wa kuchonga taji zima. Ilichonga kijazo tu, kipande cha kuingia kwenye tundu la jino, na sehemu ya juu ya kutafunia daktari aliimalizia kwa mkono wake. Mataji kamili yalikuja na mashine ya kizazi cha pili, mwaka 1994. Kwa hiyo mtu akikwambia hii ni teknolojia ya juzi, mwambie ina miaka 40, na watu wamekuwa wakiihesabia siku zake tangu mwanzo.

Na kauri yenyewe? Hapa naomba niwape habari ya mgonjwa wangu mwingine, mchonga vinyago. Mtu huyu ameshika mpingo tangu utotoni. Nilipomwonyesha kipande cha kauri kabla ya kukitia mashineni, alikigeuza, akakigonga kwa ukucha, akakisikiliza. Kilikuwa cha rangi ya zambarau. Akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza: "Utaniweka jino la zambarau?" La pili: "Ufa wa ndani mnautambuaje?"

Nawaambieni, nimehudhuria semina nyingi ambazo hakuna aliyeuliza swali kama lile la pili.

La kwanza nilimjibu kwa chungu. Mama zetu wanaofinyanga wanajua: chungu unakiumba kikiwa kibichi, kwa sababu kikishachomwa hukiwezi tena. Kauri hii, iitwayo lithiamu disilikati, inaletwa ikiwa nusu mbichi, ndiyo maana ni ya zambarau. Katika hali hiyo mashine inaweza kuichonga bila kuivunja. Ikishachongwa tunaitia kwenye tanuri dogo, joto la nyuzi 840 hivi, kwa dakika 20 hadi 30. Humo ndani fuwele zake zinakua na kushikana, rangi ya zambarau inatoweka, inatoka na rangi ya jino. Kauri za mwanzo za mashine hizi zilistahimili kupindwa kwa megapaskali, yaani kipimo cha nguvu, 100 hadi 150 tu. Hii inafika 360 na kupita. Ipo na nyingine, zirikonia, ambayo inavuka 900, ila ubandikaji wake una taratibu zake tofauti.

La pili nilimjibu hivi: umesema kweli. Kauri haifi kwa kuchakaa kama soli ya kiatu. Inakufa kwa ufa. Kipande cha kiwandani kina faida ya kuwa na mwili mmoja, bila vitundu vya hewa vinavyoweza kubaki fundi anapopanga kauri tabaka kwa tabaka. Lakini jiwe la kuchongea linaacha mikwaruzo, na mkwaruzo ni mtoto wa ufa. Tanuri inaponya sehemu yake, na kung'arisha kunaponya sehemu yake. Ndiyo maana nikimaliza kubandika, nikagundua taji limekaa juu kidogo na kulipunguza, lazima niling'arishe tena pale nilipogusa. Mchonga vinyago alitikisa kichwa, akasema: "Hata sisi. Msasa ndiyo kazi." Tukaelewana.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana mzee wangu aliuliza siku ngapi na siku hazijibiwi kwa maneno matupu.

Huko Uswisi, daktari mmoja wa zahanati binafsi, Tobias Otto, aliweka vijazo 200 vya kauri kwa mashine ile ya kizazi cha kwanza, kati ya mwaka 1989 na 1991, kwa wagonjwa 108. Hakuwaacha. Aliendelea kuwaita, kuwaangalia, kuandika. Baada ya miaka 17 matokeo yalikuwa asilimia 88.7. Maana yake, katika kila vijazo mia, karibu 89 bado vilikuwa vinafanya kazi. Vilivyoharibika vilikuwa 21, na sababu kubwa ilikuwa kauri kuvunjika. Kumbukeni jambo hilo. Kauri ya wakati ule ilikuwa dhaifu, na yeye alikuwa anaweka vijazo, si mataji.

Tuje kwa mataji yenyewe. Watafiti wa Ujerumani, Rauch na wenzake, mwaka 2018 walichapisha habari za mataji 41 ya lithiamu disilikati waliyobandikwa wagonjwa 34, yote ya siku moja, yote kwenye meno ya nyuma yanayobeba mzigo wa kutafuna. Waliyafuata kwa miaka 10. Yaliyosalimika ni asilimia 83.5. Ni kundi dogo, na si wote waliorudi kuangaliwa mwaka wa kumi, kwa hiyo msiichukue namba hiyo kama kiapo. Ila mimi sikuvutwa na asilimia. Nilivutwa na yale matano yaliyoshindwa, kwa sababu waliandika kila moja limeshindwa kwa nini.

La kwanza, kauri ilivunjika, karibu mwaka wa tatu. La pili, jino lililokuwa chini ya taji lilivunjika, mwaka wa sita. La tatu, ugonjwa mkubwa ndani ya mzizi, mwaka wa sita. La nne, mzizi ulipasuka, mwaka wa saba. La tano, jino lilioza pembezoni mwa taji, mwaka wa kumi.

Mmesikia? Matano yameshindwa. Kauri imevunjika mara ngapi? Mara moja. Mara moja tu! Manne yaliyobaki, kauri ilikuwa nzima na jino ndilo lililokufa chini yake.

Na msidhani taji la zamani lenye chuma ndani lingekuwa na nguvu zaidi. Mwaka 2015 Irena Sailer na wenzake walikusanya tafiti nyingi za mataji ya kila namna, yakiwemo ya maabara. Baada ya miaka mitano mataji ya kauri juu ya chuma yalisalimika kwa asilimia 94.7, na kundi la kauri lenye hii lithiamu disilikati asilimia 96.6. Mizani hiyo imelingana.

Basi ndugu zangu, tukikaa tunabishana kuhusu mashine, tunabishana mahali pasipo na ugomvi. Tangu niliposoma yale matano nimebadilisha namna ninavyozungumza na wagonjwa. Mtu akiniuliza taji litadumu miaka mingapi, namjibu kwa swali: jino lako limebakiwa na kuta ngapi?

Naomba niwaambie nilivyojifunza hilo, na naomba mnisikilize vizuri kwa sababu si habari ya kujisifu.

Alikuja kwangu baba mmoja wa Tandahimba. Mnada ulikuwa mzuri, pesa imeingia, na binti yake alikuwa anaolewa wiki ile ile. Jino lake lilikuwa gego dogo, lile lililo kati ya chonge na magego makubwa, limevunjika karibu na fizi, mzizi umesafishwa zamani. Kuta zilizobaki hazikufika hata nusu ya moja. Alitaka acheke kwenye harusi ya mwanawe. Nani asingemwelewa? Mimi nilimwelewa kupita kiasi. Nikamchongea taji linaloshika ndani ya shimo la katikati ya jino, kwa kuwa kuta za kushikia hazikuwepo. Lilipendeza. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Mwaka mmoja na miezi tisa baadaye alirudi na kiberiti mkononi. Alipokifungua, taji lilikuwa humo. Kauri haikuwa na hata mkwaruzo, ilikuwa inang'aa kama siku ya harusi. Na chini yake kilikuwa kimeshikilia kipande cha mzizi, kimebanduka nayo. Gundi haikuachia. Kauri haikuachia. Jino ndilo lililopasuka, mpaka chini, na ilibidi niling'oe.

Mnajua kilichoniuma? Tangu mwaka 2005 Bindl, Richter na Mörmann huko Zurich walikwisha kuonyesha kwamba mataji ya aina ile, ya kushika ndani ya shimo, kwenye magego makubwa yalisalimika asilimia 87.1, lakini kwenye magego madogo asilimia 68.8 tu. Nilikuwa nimesoma. Nilikuwa najua. Furaha ya mgonjwa na uharaka wa mashine vilinifanya nisiseme neno moja ambalo lilikuwa haki yake: baba, jino hili halitaweza.

Wakulima, mnalijua noleo? Ile pete ya chuma inayofungwa kwenye mpini wa kisu, pale chuma kinapoingia kwenye mti, ili mpini usipasuke. Taji linafanya kazi hiyo hiyo. Nguvu yake iko katika kulikumbatia jino zima kwa kulizunguka, na linahitaji kukumbatia jino lenyewe, si dawa ya kuzibia. Tunataka ukingo wa jino zima wenye urefu wa milimita moja na nusu hadi mbili kulizunguka pande zote. Noleo likikosa mti wa kukumbatia, kazi yake ni nini? Ni bangili. Na taji nililomwekea baba yule lilikuwa bangili.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari, popote pale, kabla hujauliza bei muulize: kuta ngapi zimebaki? Ukingo upo? Akikwambia haupo, muulize njia nyingine. Na akikwambia jino hili ling'olewe, usimwone mkatili. Inawezekana ndiye anayekuheshimu.

Nina jambo jingine linalohusu mkono wa anayebandika. Mmewahi kumtazama fundi akiziba pancha ya bodaboda? Anatoa tyubu, anaikwaruza kwa msasa, anaifuta, anapaka solusheni, anasubiri. Anasubiri kweli! Halafu ndipo anaweka kiraka na kukigonga. Sasa fikirini tyubu ina maji. Kiraka kitashika? Kitashika mpaka kona ya kwanza.

Taji la kauri ni kiraka cha namna hiyo. Upande wake wa ndani tunaukwaruza kwa asidi ya haidrofloriki, asidi kali sana ambayo haitumiki mdomoni hata kidogo, tunafanyia pembeni. Kwa lithiamu disilikati ni sekunde 20. Tunaiosha, tunaikausha, tunapaka dawa ya kuifanya ipokee gundi. Upande wa jino nao una maandalizi yake, na adui wa yote ni mate na damu. Ndiyo maana nakufunga kile kitambaa cha mpira ambacho wengi hamkipendi, mnasema kinawaziba pumzi. Nivumilieni. Fizi ikiwa imevimba inatoa damu, na siku hiyo sibandiki. Nakusafisha ukoga kwanza, uende nyumbani upige mswaki vizuri, fizi itulie, urudi. Utaniambia, "Daktari, si ulisema siku moja?" Nilisema. Na siku hiyo moja haijafika.

Umeme nao tuuseme. Ukikatika mashine ikiwa katikati ya kuchonga, kile kipande cha kauri kinaweza kuharibika, na ni ghali. Mwenye mashine bila umeme wa akiba ajue anacheza na pesa ya mgonjwa. Nimemaliza hapo.

Nataka kukaa kidogo kwenye neno moja: kuchonga.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa Newala, na meno yake ya mbele yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha. Wazee mnaijua mila hiyo, ilikuwa urembo na ilikuwa alama ya mtu kuwa mtu. Nikiwa mtoto nilimuuliza: bibi, yatarudi lini kuwa kama yangu? Alicheka sana. Akanionyesha kwa kidole, jino moja baada ya jingine, akaniambia jina la aliyemchonga na kwamba alikuwa msichana mdogo. Alizeeka nayo vile vile. Maji baridi yalimuuma mpaka mwisho wa maisha yake, akinywa chai alikuwa anaipooza kwanza.

Jino lililochongwa halirudi. Nywele zinaota, ukucha unaota, mfupa uliovunjika unaunga. Enameli, lile gamba gumu la nje, mwili hauna namna ya kulitengeneza tena jino likishatoka kwenye fizi. Nami nikikutengenezea taji naondoa kiasi cha milimita moja pembeni, na moja na nusu au mbili juu. Mkononi ni vumbi tu, lakini kwa jino ni sehemu kubwa ya mwili wake, na wakati mwingine kiini cha ndani hakilisamehe, kinakufa baada ya miaka.

Kwa hiyo siwezi kuvumilia nikisikia mtu amechongwa jino zima kwa sababu ya tundu la kuzibwa, au kwa sababu anataka meno meupe ya harusi. Kwa kuwa mashine ipo na lazima ilipe deni lake, mkono unakuwa mwepesi. Ndugu zangu, kama tundu linazibika, lizibwe. Kama ukuta mmoja tu ndio umeanguka, kauri hiyo hiyo inaweza kuchongwa kama kipande cha kufunika upande ule tu, na kuta nzima zikaachwa. Muulize daktari: lazima liwe taji zima? Uliza bila kuogopa. Jino ni lako.

Mkishaliweka, je? Kule Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru, kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, na mkubwa kuliko wote leo amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin. Walikuta na meno. Meno yaliyokaa ardhini miaka milioni 150 hivi, na bado yanatambulika kuwa meno! Kila nikilifikiria hilo nashangaa, kwa sababu naona kila siku mtoto wa miaka tisa ambaye jino lake limekaa mdomoni miaka mitatu tu na limekwisha. Muda si adui wa jino. Adui ni sukari inayolishwa vijidudu, na asidi wanayoitoa, kutwa mara kumi: soda, chai yenye vijiko vinne, mabibo makavu yanayonata pembeni ya fizi.

Kauri yenyewe haiozi. Mahali taji linapoishia na jino linapoanzia ndipo panapooza, kwenye mpaka. Ni mstari mwembamba sana, uko karibu na fizi, na ukoga unapapenda. Piga mswaki pale, elekeza nywele za mswaki kwenye fizi, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Katikati ya meno pitisha uzi wa kusafishia meno. Njoo uangaliwe kila miezi sita hata kama haliumi, na hasa kama lilishasafishwa mzizi, kwa sababu jino hilo halina mshipa wa kukupigia kelele. Na wewe unayesaga meno usingizini, mwenzio akikwambia usibishe. Niambie kabla sijachonga kitu, nikutengenezee kinga ya kuvaa usiku. Vijana wa kufungua soda kwa meno, nawaona pale mnaangaliana.

Yule mwalimu wa Mikindani, mnauliza yuko wapi? Yuko hapa, mstari wa pili. Taji lake la mara ya pili lilikaa, na kila akija kuangaliwa napitisha sindano ya kupimia pembezoni mwake na sipati pa kuingia.

Na wewe mzee wangu wa mlangoni, sijakusahau. Umeniambia ni gego la chini, upande wa kulia, lilizibwa ukiwa bado kazini, na sasa kipande kimeondoka. Unataka kujua litadumu siku ngapi. Kutoka hapa jukwaani siwezi kukujibu. Nimekuja na kioo na kurunzi kwenye mkoba. Mkutano ukifungwa tukae pale dirishani penye mwanga, ufungue mdomo, nihesabu kuta zilizobaki.